Deni la Chapati na Meza ya Bwana



Leo tuzungumze kitu ambacho wengi wetu tunacho ila hata kwenye kitubio hatukitaji: deni la chakula.

Hapa Moshi, jirani na parokia yetu, kuna mgahawa wa siku nyingi. Nilizaliwa nikaukuta. Mabenchi ni yale yale, na ukutani ipo picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu iliyofubaa kwa moshi wa mkaa. Saa kumi na mbili asubuhi mtori umeshaiva, chapati zinageuzwa, chai ya maziwa inamiminwa. Wanakula pale bodaboda, walimu, akina mama wanaopeleka ndizi sokoni, na Jumapili sisi tunaotoka Misa ya kwanza. Mwenye mgahawa tunamwita Mama, basi. Majina yetu yote hayajui, lakini anajua nani hatumii sukari.

Kuna kipindi nilikuwa sina kazi. Mama akanilisha kwa mali kauli: nile, aandike kwenye daftari, nitalipa nikipata. Deni likafika Sh 14,500. Baadaye nikapata kibarua. Hela ya kwanza nikanunua simu. Ya pili ikaenda kwenye kodi ya chumba. Ya tatu hata sikumbuki. Aibu ikaniingia, nikabadilisha njia. Badala ya kupita mbele ya mgahawa, nikawa nazunguka nyuma ya shule ili nifike kanisani. Kwenda kanisani, jamani!

Na huko nilikuwa naimba kwaya, natoa sadaka, nakomunika. Kanisa linatutaka tufunge saa moja kabla ya Komunyo. Saa hiyo nilikuwa naihesabu vizuri kabisa, sinywi hata soda. Ila chapati za Mama nilizokula miezi minane nyuma sikuzihesabu.

Je, nilikuwa nakosea? Moyoni nilikuwa na utetezi wangu. Nilisema Mama ana wateja wengi, Sh 14,500 haitamwangusha. Nilisema mbona hajawahi kunidai. Na nilisema sikuiba, alinipa mwenyewe.

Tuuangalie huo utetezi. Mama hana hela iliyolala benki. Hela ya leo asubuhi ndiyo inanunua unga, maziwa na mkaa wa kesho. Wadaiwa watano kama mimi wakizunguka nyuma ya shule, kesho sufuria inakuwa ndogo. Na kutonidai hakumaanishi kwamba amenisamehe. Pengine alikuwa ananistahi tu, na mimi nikautumia ustaarabu wake kama risiti. Kuhusu wizi, Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, inaweka kitendo cha kubaki na kitu ulichoazimwa, kwa makusudi, chini ya amri ya saba. Iko pamoja na "Usiibe". Hapo sikuwa na pa kutokea.

Lakini nilipokaa na Injili ya Yohane niliona kwamba shida yangu haikuwa hela peke yake.

Sura ya 18, Petro anaota moto wa makaa, na hapo hapo anamkana Bwana mara tatu. Sura ya 21, Yesu mfufuka yuko ufukweni, Ziwa la Tiberia, alfajiri. Amewasha moto wa makaa, ameweka samaki na mkate, anawaita wanafunzi wake waje wafungue kinywa. Petro ana deni kubwa kuliko langu. Lakini aliposikia kwamba ni Bwana, alijitupa majini kumfuata. Hakutafuta njia ya nyuma ya shule. Na Yesu alimlisha kwanza. Baada ya kula ndipo akamuuliza, mara tatu, kama anampenda.

Basi Jumamosi moja nikaenda. Mfukoni nilikuwa na Sh 6,000 tu.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Umepotea wewe!"

"Mama, nina deni lako. Leo nimekuja na elfu tano, nyingine nitaleta."

Akafuta mikono kwenye kanga, akalitoa daftari, akaandika. Kisha akaniuliza, "Umekunywa chai?" Nikasema bado. "Kaa kwanza. Ila ya leo siandiki, ni taslimu."

Nikakaa kwenye benchi langu. Akiwa anageuza chapati akaniambia alidhani naumwa, na kwamba alishamuuliza mwanakwaya mmoja habari zangu. Miezi minane mimi nakwepa macho yake, yeye ananiulizia. Chai ile ilinipita kooni kwa shida, nisikudanganye.

Deni lililobaki nililimaliza kwa awamu mbili.

Kijana mwenzangu, huenda wewe huna hata hiyo elfu tano. Kukosa hela si dhambi. Katika Mathayo 5 Bwana anatuambia tuiache sadaka pale altareni, twende kwanza tukapatane na ndugu. Hakusema twende na kiasi chote. Amesema twende. Nenda ukaseme, "Sijasahau, nipe muda," halafu usiliendee kinyume neno lako. Na kama dhamiri inakusumbua kuhusu Komunyo, usijihukumu wala usijipitishe mwenyewe, muone padre.

Wahenga walishasema, dawa ya deni ni kulipa. Jiulize leo: ni mlango gani ninaoukwepa nikiwa njiani kwenda Misa?

Tuombe: Ee Yesu, uliyewapikia rafiki zako ufukweni, nipe miguu ya kumrudia niliyemkimbia. Wabariki wote wanaoamka gizani kutupikia, na usiniache nile jasho lao bure. Amina.