Swali la Nahodha na Swali la Aliye Majini

Ukisimama Irente unaona mbali sana. Mazinde iko chini kabisa, halafu tambarare inaendelea mpaka macho yanachoka. Bahari huioni. Ndiyo maana vijana fulani wapenda vitabu waliponialika nizungumze nao mjini Lushoto, nikawaambia mada yangu ni askari wa Afrika Mashariki waliofia baharini, mmoja wao alicheka. "Huku kwetu milimani? Si ungeenda Tanga?"

Nilikwenda na mada ile ile. Ukumbi ulikuwa mdogo, watu kama thelathini, wengi vijana. Nyuma walikaa wazee wachache wamevaa makoti, maana ilikuwa Julai, na baridi ya Lushoto ya Julai haina utani.

Kisa nilichochagua ni cha meli Khedive Ismail. Tarehe 5 Februari 1944 ilitoka Mombasa katika msafara wa meli zilizobeba askari kwenda Colombo, Sri Lanka ya leo, wakati vita vya Burma vikihitaji watu. Ndani yake mlikuwa na watu 1,511. Karibu elfu moja kati yao walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Wengine walikuwa wanamaji na wauguzi. Tarehe 12 Februari mchana, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Japani iitwayo I-27 iliipiga kwa torpido mbili. Meli ilizama katika muda usiofika dakika mbili. Waliokufa ni 1,297.

Kuna sehemu ya pili ya kisa, na hiyo ndiyo iliyonifanya nikichague. Baada ya shambulio nyambizi ilijificha chini ya maji, pale pale walipokuwa wanaelea walionusurika. Msafara ulikuwa na meli nyingine zilizojaa askari. Manowari za ulinzi, Petard na Paladin, zilitakiwa kuiwahi kabla haijapiga tena. Petard ikaangusha mabomu yanayolipuka chini ya maji, na watu bado wamo majini. Mwishowe nyambizi ilizamishwa. Lakini baadhi ya waliookoka torpido waliuawa na mabomu ya upande wao wenyewe.

Hapo nikafanya nilichozoea kufanya kwenye mazungumzo ya namna hii. Nikauliza: "Wewe ungekuwa nahodha wa Petard, ungefanya nini? Anayesema angeangusha mabomu anyooshe mkono." Mikono ikanyooka mingi, mingine ikishuka na kupanda tena. Watu wakabishana. Kijana mmoja akapiga hesabu ya waliomo majini na waliomo kwenye meli zilizobaki. Binti mmoja akamjibu kwamba watu si gunia za viazi uzipime kwenye mizani. Kusema kweli nilifurahi. Niliona mazungumzo yamefaulu.

Ndipo mzee mmoja wa nyuma akasimama. "Mwanangu," akasema, "umetuuliza kana kwamba sisi ndio nahodha. Humu ndani nahodha hakuwepo hata mmoja. Waliotoka kwetu walikuwa majini. Mbona wao hukuwaulizia?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea kwamba baba yake mdogo aliingia Keya, akaonekana mara ya mwisho akielekea Mombasa kupanda meli, na hakurudi. Barua, kama ilikuja, hakuna aliyeiona. "Sasa nikuulize. Kama alikuwa kwenye meli yako hiyo, niwaambie wajukuu aliuawa na nani? Mjapani au Mwingereza?"

Nimelibeba swali hilo tangu siku hiyo, na sasa naona lilinionyesha kosa ambalo si langu peke yangu. Fikiria riwaya ya Nicholas Monsarrat, The Cruel Sea, ya mwaka 1951. Mwandishi mwenyewe alihudumu katika jeshi la majini la Uingereza. Mna tukio linalofanana sana na hili: nahodha Ericson anaamua kuangusha mabomu mahali ambapo mabaharia wa upande wake wanaelea. Ni ukurasa mzito, na sikatai ukubwa wake. Lakini ukifunga kitabu unabaki na Ericson. Unamhurumia yeye kwa alichokifanya. Waliokuwa majini wamekwisha kuwa sehemu ya uchungu wake.

Kisa cha Khedive Ismail nacho nilikisoma kwa Kiingereza, na mengi niliyoyasoma yanatazama kutoka kwenye sitaha ya manowari. Basi na mimi nikapanda sitahani bila kujua, nikawapandisha na wasikilizaji wangu. Hata muda wangu niliugawa vibaya. Nilitumia zaidi ya dakika mbili kueleza kwamba meli ilijengwa Uskoti mwaka 1922 kwa jina la Aconcagua. Yaani nilikawia kwenye kujengwa kwake kuliko yenyewe ilivyokawia kuzama.

Je, kumsikiliza aliye majini kunabadilisha hukumu? Huenda hapana. Nikijilazimisha kujibu, bado nadhani nahodha alikuwa na hoja nzito. Nyambizi haikuwa ya kubuni, na meli zilizobaki zilibeba maelfu. Hata aliyekuwa akielea pale, kama ndugu yake alikuwa meli ya pili, pengine asingemlaani.

Kinachobadilika ni swali lenyewe. Swali la nahodha ni moja: nilifanya sawa au sikufanya? Likijibiwa "sawa", faili linafungwa. Swali la aliye majini halifungwi na jibu hilo. Yeye anauliza: sawa, mmeniua kwa sababu, je, kwetu mmewaambia?

Sisi jambo hili tunalijua bila kusoma falsafa. Dereva akigonga mtu kwenye zile kona za kupanda kutoka Mombo kuja Soni, na kila shahidi akasema breki zilikatika na kosa halikuwa lake, hakuna mzee atakayemwambia, "Basi, kaa nyumbani kwako." Atapelekwa msibani. Atakaa kwenye jamvi na wafiwa. Haendi kwa sababu ana hatia. Anakwenda kwa sababu kifo kimepita mikononi mwake, na wafiwa wana haki ya kusikia kutoka kwake. Kutokuwa na kosa na kutokuwa na deni ni vitu viwili.

Kwa wengi wa askari wale, hakuna aliyekuja kukaa kwenye jamvi. Kwa hiyo mazungumzo ya kumbini, hata yangu ya watu thelathini, naona ni namna ya kufika msibani tukiwa tumechelewa miaka themanini. Na ukifika msibani huwaulizi wafiwa wapige kura kama marehemu alistahili kufa.

Najua yupo atakayesema: kwa nini kufukua? Mjukuu anayeamini babu yake alikufa akipigana, unampa nini ukimwambia huenda aliuawa na bomu la wenzake? Hoja hii naiheshimu, na sitamfuata mtu nyumbani kwake kumwambia asichouliza. Lakini mzee yule aliuliza. Na aliyeuliza akinyimwa kwa kisingizio cha kuhurumiwa, amefanywa mtoto.

Kuna kishawishi kingine kibaya zaidi, nami kilinigusa pale pale ukumbini. Nilitaka sana kumwambia, "Ndiyo mzee, bila shaka alikuwa kwenye meli hii." Ingemaliza kiu yake na kupamba mazungumzo yangu. Ningekuwa nimempa marehemu asiye wake.

Nilimjibu hivi: sijui kama alikuwamo. Kama alikuwamo, sijui alikufa kwa torpido au kwa bomu, na walio wengi walizama na meli yenyewe. Nikamwambia kwamba Nairobi, kwenye makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, kuna ukuta wenye majina ya askari wa kikosi kile. Akamwita mjukuu wake aandike. Akamtajia jina la baba yake mdogo herufi kwa herufi, halafu akatoa njia mbili nyingine ambazo karani wa Kizungu angeweza kuwa amelikosea.

Tangu siku hiyo nimekisimulia kisa hiki mara mbili. Swali la kunyoosha mikono nimeliondoa. Naanzia Mombasa, kwenye foleni ya wanaopanda meli.