Je, Ni Halali Kupanda Baiskeli Bila Safari?



Katika vijiji na miji yetu mtu akionekana juu ya baiskeli huulizwa swali moja: "Waenda wapi?" Akijibu kwamba anakwenda shambani, sokoni, au kumwita mkunga, watu huridhika. Lakini akijibu, "Siendi popote, nazunguka tu," watu humtazama mara mbili. Mtoto husamehewa, maana ni mtoto. Mtu mzima ataambiwa hana kazi.

Tunataka kulitazama jambo hili kwa utulivu. Je, mtu mzima mwenye shamba na jamaa ana haki ya kupanda baiskeli kwa furaha tu, karibu na nyumbani kwake? Na je, yafaa kuwahimiza wenzetu wafanye hivyo? Swali laonekana dogo, lakini ndani yake limo swali kubwa: furaha ni ya nani?

Tuanze na hoja ya wanaopinga, kwa kuwa ina uzito. Sisi tunaokaa Muheza twaifahamu barabara inayopanda kwenda Amani. Twawajua pia watu wanaoteremka nayo alfajiri wakiwa na mizigo ya ndizi, iliki na mdalasini. Baiskeli zao zimeongezewa vyuma kwenye fremu, karia imefungwa kwa vipande vya tyubu kuukuu, na penye mteremko mkali mguu wenye kandambili huwa ndio breki. Wakati wa kurudi huzisukuma kwa mikono mlima mzima. Kwa watu hawa baiskeli ni punda wa chuma. Sasa mmoja wao, jasho likimtoka, akipishana na kijana mwenye baiskeli ya gia anayeteremka kwa mbio huku akicheka, atafikiri nini? Je, si dhihaka kukifanyia mchezo chombo ambacho mwenzako anakitolea jasho?

Hoja hii haifai kupuuzwa. Lakini tuipime. Mama hutumia miguu yake kwenda kuteka maji, na kwa miguu hiyo hiyo hucheza ngoma ya arusi. Hakuna asemaye kwamba ngoma ni dhihaka kwa mteka maji. Kwa nini? Kwa sababu mteka maji mwenyewe yumo ngomani. Ingekuwa dhihaka kama wachezaji wangekuwa watu wengine kabisa, wasioteka maji, nao wakamzuia yeye asiingie uwanjani. Basi kipimo cha furaha ya halali ndicho hiki: Je, mwenye jasho amealikwa?

Twakumbuka kwamba amri ya Sabato haikumpa pumziko mwenye shamba peke yake. Mtumwa alitajwa, mgeni alitajwa, hata ng'ombe na punda. Pumziko la bwana ambalo mtumishi hapati si pumziko lililokusudiwa. Vivyo hivyo baiskeli. Mchukuzi wa ndizi aliyeisukuma siku sita ndiye wa kwanza kustahili kuipanda siku moja bila mzigo, mwanawe mdogo ameketi nyuma, wakienda kutazama mto tu na kurudi. Tukisema furaha hiyo haimfai, hatumheshimu. Twamfanya yeye naye kuwa punda.

Wengine husema, "Haya, lakini kwa nini hapa karibu? Kuna nini cha kuona kwetu?" Hapa yatupasa tufanye hesabu kidogo. Mtu mwenye afya hutembea kama kilomita 5 kwa saa. Kwa baiskeli, barabara ikiwa tambarare wala hana haraka, huenda kama kilomita 15. Tuseme ana saa moja tu jioni, nusu ya kwenda na nusu ya kurudi. Kwa miguu atafika kilomita 2 na nusu kutoka mlangoni pake. Kwa baiskeli, 7 na nusu. Umbali umekuwa mara 3, lakini eneo analoweza kulifikia pande zote limekuwa mara 9. Hata tukipunguza kwa ajili ya vilima na njia mbovu, bado vijiji vingi ambavyo aliyaona majina yake juu ya mabasi tu sasa vimekuwa ujirani wake.

Na katika eneo hilo mna mambo. Watu wa Ulaya na Marekani hupanda katika vyungu, kwenye madirisha yao, ua dogo la rangi ya zambarau. Ua hilo asili yake ni huku kwetu. Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alilipeleka kwao, na mwaka 1893 mtaalamu Wendland akalipa jina la Saintpaulia. Linaota katika miamba yenye kivuli na unyevu ya milima ya Usambara. Leo bibi mmoja wa London hulimwagilia kila asubuhi, na vijana wengi wa Muheza hawajapata kuliona likiwa mahali pake. Tena, maji ya mji wa Tanga hutoka katika bwawa la Mabayani, na bwawa hilo hulishwa na mto Zigi unaoteremka kutoka misitu hiyo hiyo ya Amani. Msitu ukikauka, mabomba ya mjini yatajua. Lakini ni nani atakayeulilia mti asioujua?

Hapo ndipo furaha inapokuwa jambo la maadili. Anayepita ndani ya gari huona vumbi na migongo ya watu. Anayepita kwa baiskeli hana kioo kinachomtenga. Husikia harufu ya karafuu zilizoanikwa, husikia kijito kabla ya kukiona, huona kwamba daraja la miti limeoza, huona kwamba mlango wa bibi mzee fulani haukufunguliwa leo. Tena akiamkiwa hawezi kujifanya hakusikia. Msamaria wa mfano ule tunaoufahamu sote aliweza kusaidia kwa sababu alikuwa njiani na alikuwa karibu kiasi cha kuona. Mapenzi ya jirani huanza na macho, na macho yanahitaji mwendo wa kiasi.

Wala tusidhani kwamba njia za kwetu ni duni. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alijifunza mbio za baiskeli kwa David Kinjah, katika vilima vya Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi. Baadaye, akiwakilisha Uingereza, alishinda Tour de France mara 4: mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua 3 za mashindano hayo. Na Septemba 2025 waendesha baiskeli hodari wa dunia nzima walikuja Kigali, mji wa vilima, kwa mashindano ya ubingwa wa dunia, ambayo hayakuwa yamefanyika Afrika kamwe. Hata hivyo tusiseme kwamba furaha ni halali kwa sababu huleta medali. Hao ni wachache. Mifano yao yatuonyesha hili tu, kwamba kilima tunachokilalamikia mtu mwingine angekisafiria kutoka mbali.

Sasa tutazame ni nani bado hajaalikwa. Katika nyumba nyingi baiskeli ni ya baba na ya watoto wa kiume. Binti huonyeshwa ndoo. Akitaka kujifunza huambiwa si adabu. Lakini binti yuyo huyo akibebwa nyuma kwenye karia hakuna anayeona aibu! Adabu gani hiyo inayomruhusu kuwa mzigo na kumkataza kuwa dereva? Shule ya sekondari ikiwa mbali, baiskeli yaweza kuwa tofauti kati ya kuendelea na masomo na kuyaacha. Basi furaha ya kujifunza mtaani ndiyo mlango wa faida hiyo. Shangazi wanaojua wawafundishe, na kaka watoe zamu zao.

Ikiwa tunataka kuhimiza jambo hili mtaani petu, tusingoje fedha nyingi. Yatosha jioni moja katika juma, watu wachache, na njia inayojulikana. Fundi mmoja akubali kuwaonyesha vijana kuziba pancha, kukaza cheni, na kubadili raba za breki kabla hazijaisha. Wenye baiskeli mbili wamwazime asiye nayo. Anayeweza kununua kofia ngumu na ainunue, maana lami haina huruma.

Lakini furaha ina sheria zake. Tuendeshe upande wa kushoto, mmoja nyuma ya mwingine magari yanapopita. Anayeteremka ampishe anayepanda, hasa aliye na mzigo, naye asimame kabisa ikiwa njia ni nyembamba. Kengele ipigwe mapema, isipigwe masikioni mwa mzee. Wakati wa masika tuache njia za udongo za mlimani zipumzike, kwa kuwa alama ya tairi kwenye tope huwa mfereji, na mfereji huwa korongo katika shamba la mtu. Tusikate njia mpya katikati ya mihogo ya watu. Na tukiingia katika hifadhi ya msitu ya Amani, iliyowekwa mwaka 1997, tufuate masharti yake kama wageni wema.

Zaidi ya yote, tusimpite mtu anayesukuma mzigo mlimani kana kwamba ni jiwe la kando ya njia. Tushuke, tumwamkie, tuweke mkono nyuma ya gunia mpaka kileleni. Itatupotezea dakika 10, nasi hatukuwa na haraka. Kisha tumwulize kama Jumamosi jioni ana nafasi, mzigo ukiwa umeshushwa, kuja kuzunguka pamoja nasi.

Na akiuliza, "Mwaenda wapi?" tumjibu bila haya: "Hapa hapa kwetu."