Kitabu, Mwenzi na Ukweli wa Maoni

Je, mtu anapompa mwenzi wake kitabu akipendacho, anaomba maoni au anadai kuungwa mkono? Tuchukue mfano wa mume anayemkabidhi mkewe *Utendi wa Mwana Kupona* (1858), wasia wa mama kwa bintiye unaohusu, pamoja na mengine, namna ya kumridhisha mume. Mke akiusifu, mume hana njia ya kujua kama amesikia uhakiki au utiifu, kwani utendi wenyewe umeshamfundisha mke jibu. Naye mke akimpa mumewe *Rosa Mistika* (1971) ya Kezilahabi, riwaya ambamo ukali wa baba unachangia maangamizi ya binti, mume akaisifu kwa adabu tu, atakuwa amemnyima mkewe msomaji.

Huenda ikadaiwa kwamba kukubaliana hulinda unyumba. Hoja hii ina uzito, maana kauli kali huumiza. Hata hivyo, sifa za uongo humwacha kila mmoja akisoma peke yake. Kwa maoni yetu, yule ambaye matini inampa mamlaka ndiye mwenye wajibu wa kwanza: amhakikishie mwenzake kwamba kukipinga kitabu si kumpinga yeye.