Kidole Kisichotazamwa

Wanawake wa Mtwara wanaobangua korosho kwa mkono hawabandui macho kwenye vidole vyao. Pigo likizidi, kiini huvunjika na bei hushuka; likipungua, ganda halipasuki, na mafuta yake huunguza ngozi bure.

Jicho likiondolewa, huwaje? Wataalamu wamelipima jambo hili. Mtu huambiwa abonyeze kifaa kwa kidole, kwa nguvu isiyobadilika, huku akiona kwenye skrini mstari unaoonyesha nguvu yake. Mstari ukifichwa, baada ya sekunde chache nguvu huanza kupungua polepole. Mwenyewe hana habari. Hudhani amekaza vile vile.

Je, akisema “sijalegeza”, amesema uongo? Mimi nasema hapana, kwani mwongo hujua. Lakini simwachii hivi hivi. Aliyekwisha kujua kwamba kidole kisichotazamwa hulegea, hana budi kutafuta kipimo kingine. Mvuvi wa Msimbati anayeshika mshipi usiku wa giza haoni vidole vyake, walakini samaki akivuta, uzi wenyewe humwarifu (na samaki hana subira).

Taabu iko kwa mtu aliyeahidi matangani, mbele ya ukoo mzima, kwamba atamlea yatima. Wageni wakishaondoka hana mstari wala uzi. Mwulize baada ya miaka mitano, ataapa kwa moyo safi kwamba hajapunguza kitu. Simwiti mwongo. Ila ningependa kumwuliza mtoto pia, tena mlezi akiwapo.