Kuuliza Si Ujinga

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, mkufunzi mmoja alilalamika kuumwa kichwa kwa wiki tatu. Alisahau vipindi, akawa anayumba akitembea. Wenzake walisema ni pombe. Nami, bila kumwuliza, nilimwandikia barua ya onyo.

Hospitalini walimtoa maji ya uti wa mgongo. Fundi wa maabara alichanganya tone la maji hayo na tone la wino mweusi, akatazama kwa hadubini. Wino huo hauipaki kuvu rangi; hutia giza kandokando yake, na utando wake mnene ukaonekana kama duara jeupe. Ilikuwa kriptokokasi. Huishi katika udongo, hasa wenye kinyesi cha njiwa. Wengi huivuta kwa pumzi wasidhurike. Humwangusha yule ambaye kinga ya mwili wake imepungua, kama wenye UKIMWI.

Fundi mwangalifu asipoiona haandiki kwamba mgonjwa ni mzima. Huyaotesha maji yale kwa siku kadhaa, au hutumia kipimo kingine, ndipo aseme.

Je, asiyejua ana hatia? Nadhani kutojua si kosa. Kosa langu lilikuwa kutoa hukumu kabla ya kutazama, hali nilikuwa na uwezo wa kuuliza. Mwenzangu alifariki kabla sijaifuta barua ile. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Niliwafundisha wengi methali hiyo, ndugu msomaji. Siku ilipohitajika, sikuitumia.