Nguo za Dorkasi, Matuta ya Shosho

Andiko: Matendo ya Mitume 9:36-42



Luka anatupa habari za mama mmoja wa Yafa aliyeitwa Tabitha, yaani Dorkasi kwa Kiyunani. Anamwita mwanafunzi, na neno analotumia lina umbo la kike ambalo halipatikani mahali pengine popote katika Agano Jipya. Lakini angalia: hatuambiwi alihubiri wapi, wala alikuwa na cheo gani kanisani. Tunaambiwa alisaidia maskini na alishona. Akaugua, akafa, wakamwosha, wakamlaza orofani, wakatuma watu wawili Lida kumwita Petro. Petro alipofika, wajane hawakumsomea wasifu. Walilia huku wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea.

Alhamisi tulimzika Shosho wa Saluni. Wengi wetu jina lake la kitambulisho tulilijua siku hiyo, tuliposoma programu ya mazishi. Na akina mama waliojaza hema hawakuhitaji kubeba kitu cha kuonyesha. Walikuwa nacho kichwani. Matuta, rasta, nywele za uzi za akina nyanya. Vingine vya vichwa vile alivisuka wiki moja tu kabla ya kulazwa.

Ndugu mmoja alinivuta kando ya hema, kwa heshima kabisa, akaniuliza: "Pasta, tunamsifu msusi hivi, na si Petro huyohuyo aliandika juu ya kusuka nywele?" Ni swali halali, na najua si yeye peke yake analo. Fungua 1 Petro 3:3, kisha 1 Timotheo 2:9. Nywele zinatajwa pamoja na dhahabu, na Paulo anaongeza lulu na nguo za bei kubwa. Wanawake matajiri wa dola ya Rumi walijengewa nywele za kupanda juu kama mnara, na kazi hiyo mara nyingi ilifanywa na watumwa. Hicho ndicho mitume walichokuwa wakikikemea: kujipamba ili maskini aliyeketi kando yako ajione si kitu. Petro anataja hata kuvaa mavazi katika aya hiyohiyo. Kama ni marufuku kamili, basi tungekuwa na shida kubwa zaidi ya matuta Jumapili asubuhi!

Sasa mtazame Shosho. Matuta ya mtoto wa shule kwake yalikuwa shilingi 100. Kila muhula unapoanza, foleni ilifika hadi kwa muuza makaa. Na wale ambao nyumbani hakuna hata hiyo 100? Hao aliwaambia waje saa kumi na mbili asubuhi, kabla wenzao hawajafika, wapitie mlango wa nyuma. Mtoto anasukwa, anapewa chai, anaondoka kabla jua halijatoka vizuri. Hakuna aliyejua nani alilipa na nani hakulipa. Hapo ndipo maneno ya Petro juu ya pambo la moyo yanapotimia, na yanatimia kwenye mikono ya msusi.

Kama ulipita ile njia ya kutoka steji kuja kanisani, kicheko chake ulikisikia kabla hujaona mlango. Thamosi haikukosa mezani, katikati ya vitana na mafuta. Ukisema umepita tu kusalimia, unavutiwa kigoda: "Kuketi ni bure, kusuka ndiyo pesa." Na watu waliketi. Mama mboga, mwalimu, kijana wa boda aliyekimbia mvua, majirani Waislamu ambao aliwawekea pazia ili wafunue nywele zao kwa amani. Umbea je? Sote tunajua sifa za saluni. Habari za mtu asiyekuwepo zikianza, Shosho aliongeza sauti ya redio. Hakukemea mtu. Aliongeza tu, mpaka msemaji achoke mwenyewe. Methali 11:13 inamsifu mtu mwaminifu anayesitiri jambo, na kwa Shosho aya hiyo ilikuwa kwenye kitufe cha redio.

Msusi pia huona pale ambapo sisi wengine hatuoni. Dada mmoja, ambaye ameniruhusu niandike haya bila jina, aliketi kwenye kile kiti akiwa na jeraha nyuma ya sikio. Alisema ameanguka bafuni. Shosho hakubishana naye. Alisuka polepole akilizunguka lile jeraha, na alipomaliza akamwonyesha karatasi iliyobandikwa pembeni mwa kioo: 1195, ile namba ya bure ya kuripoti dhuluma za kijinsia. Akamwambia, "Ukitaka kupiga, piga ukiwa hapa. Mimi nafunga mlango." Dada alipiga. Leo analala bila hofu, yeye na watoto wake. Sasa niseme kwa upole, lakini niseme: kutoka kiti kile hadi ofisi ya kanisa ni mwendo wa dakika tatu, na jambo hilo lilipelekwa kwenye kiti. Wazee na wachungaji, tukae chini tuulizane kwa nini. Karatasi yenye namba hiyo sasa imebandikwa kwenye vyoo vya akina mama hapa kanisani.

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo binti yake aliponionyesha daftari la madeni nililisoma kama mhasibu. Wapendwa, hesabu ile hakuna benki ingeipa mkopo. Majina mengi yamekatwa kwa kalamu nyekundu, kando yake imeandikwa "imelipwa," na binti anasema hawakulipa. Nikakumbuka Filemoni 18, Paulo anapoomba deni la Onesimo liandikwe kwa jina lake yeye Paulo. Na tusidanganyane ati Mungu alimrudishia mara mia. Hakutajirika. Ameacha draya mbili, na moja haifanyi kazi.

Kuna swali lingine, zito kuliko la nywele. Tulifunga siku tatu. Ijumaa tulikesha. Petro alipiga magoti Yafa na Tabitha akafumbua macho. Sisi tulipiga magoti, na Shosho hakuamka. Je, imani yetu ilipungua? Nawasihi, mtu yeyote asiwaambie wajukuu wake hivyo. Soma Matendo 12. Herode alimuua Yakobo kwa upanga, kisha akamkamata Petro, kanisa likaomba kwa bidii, na malaika akamtoa Petro gerezani. Yakobo alizikwa, Petro akabisha mlangoni. Unafikiri Yakobo hawakumpenda? Luka hatupi sababu, na mimi sitaitunga. Hata Tabitha alirudishiwa mwili huuhuu wa kuugua na kufa. Ufufuo tunaoungoja ni mwingine, ule ambao kifo hakirudi tena, na ndio tuliomzika Shosho nao. Kwa hivyo lia. Petro hakuwakemea wale wajane kwa machozi yao.

Kuhusu wajukuu, mnaikumbuka 2 Timotheo 1:5, imani iliyoanza kwa bibi, Loisi, ikaingia kwa Eunike, ndipo ikafika kwa Timotheo. Wajukuu watano wa Shosho walikulia kwenye vigoda vya ile saluni, wakimgawia rasta kipande kwa kipande, na kila kipande alikipokea kwa mstari wa Biblia. Ukikosea mstari, mteja anakusaidia. Wateja wengine walijifunza Zaburi hivyohivyo wakiwa wameinamisha kichwa, bila kujua wako darasani.

Dada mmoja aliniambia hataki kuzifumua rasta zake, kwa sababu ndizo za mwisho kutoka kwa mikono ile. Nilimwelewa. Lakini Shosho mwenyewe asingemwacha apite miezi mitatu!

Mjukuu mkubwa, yule aliyesomea ususi, anafungua saluni Jumanne. Nilimuuliza juu ya wale watoto wa alfajiri. Akanijibu kwamba shule zinafunguliwa wiki ijayo na ameshaweka kengele kwenye simu. Wazazi ambao mambo ni magumu, watoto waje saa kumi na mbili asubuhi, wapitie mlango wa nyuma.