Kumhamisha Mgonjwa Mzee: Ni Kumtupa au Ni Kumtunza?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, ambaye uhai na mauti vimo katika milki yake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Familia ya Kiislamu iishiyo ugenini, katika kitongoji cha Morningside mjini Durban, Afrika ya Kusini, huenda siku moja ikaitwa na daktari. Itaambiwa kwamba baba yao, aliyekwishavuka miaka themanini, hatarajiwi kupona. Kwamba mashine na operesheni hazitamzidishia ila taabu. Na kwamba bora ahamishiwe katika huduma shufaa, yaani matunzo ya kutuliza maumivu ya mgonjwa asiyetarajiwa kupona, ama nyumbani kwake ama katika nyumba iliyotengwa kwa kazi hiyo. Hapo mtoto mmoja atasema: "Kumtoa hospitali ni kumuua baba." Na mwengine atajibu: "Kumwacha humo ndiko kumuadhibu." Je, ni yupi kati yao aliyeshika haki?

Mji huo wa Durban umekwisha kuyaona mambo haya mbele ya mahakimu. Daktari Clarke moyo wake ulisimama mwaka 1988, akabaki bila ya fahamu, akilishwa kwa mpira uliopitishwa puani. Mkewe akaomba idhini ya kuukomesha ulishaji huo, na mwaka 1992 mahkama ya Durban ikamkubalia. Kisha akaja Bwana Soobramoney, mtu wa miaka 41, mwenye kisukari, maradhi ya moyo na mafigo yaliyokufa. Yeye aliomba asafishwe damu kwa mashine katika hospitali ya Addington, akakataliwa, kwa kuwa mashine zilikuwa chache na maradhi yake hayakuwa ya kupona. Mahkama ya Katiba iliikataa daawa yake tarehe 27 Novemba 1997, naye akafariki muda mfupi baadaye.

Mmoja alikuwa nayo tiba, ikaombwa ikomeshwe; mwengine aliiomba tiba, asiipate. Lakini mahakimu waliulizwa juu ya mpira na mashine tu. Mtoto wa Kiislamu anaulizwa zaidi ya hayo: mashine ikiondoka, ni nini kinachobaki juu yake?

Mwaka huo huo wa 1992, Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Jidda na kutoa uamuzi juu ya matibabu. Lilieleza kwamba hukumu ya kujitibu hubadilika kwa kubadilika hali: huwa wajibu pale kuacha tiba kunapopelekea kuangamia, na huwa chini ya hapo katika hali nyengine. Likaongeza kwamba haijuzu kukata tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu, na kwamba madaktari na jamaa wanatakiwa waendelee kumtunza mgonjwa na kumpunguzia maumivu ya mwili na ya moyo, akitarajiwa kupona au asitarajiwe.

Basi yapasa kutenganisha mambo mawili. Kuua ni haramu, hata kama muuaji atadai huruma, na hata kama mgonjwa mwenyewe ameomba. Ama kuacha tiba ambayo madaktari waaminifu wamethibitisha kuwa haifai kitu, huko si kuua. Imepokewa kwamba mwanamke mwenye kifafa alimwendea Mtume (s.a.w.) amwombee dua, naye akampa hiari baina ya kusubiri kwa ahadi ya Pepo na kuombewa apone, akachagua subira, wala hakulaumiwa. Lakini chakula na maji havina hukumu ya dawa: anayeweza kuvipokea kwa nafuu hanyimwi.

Na dawa kali ya maumivu, kama mofini, je? Tokea mwaka 1993, Hospice Africa Uganda imeeneza mofini ya kunywa katika nchi hiyo jirani yetu, na wengi wakafarijika. Ikitolewa kwa kadiri ya maumivu, si kwa kutaka kuharakisha mauti, hapana ubaya. Hata hivyo humtia mtu usingizi; kwa hiyo mgonjwa aulizwe kabla, angali na akili yake, awekewe saa za uzinduko aswali kwa kadiri awezavyo, hata kwa ishara, alipe dhamana za watu, na aandike wasia wake, pamoja na wasia wa jamaa wasiomrithi, ambao kwetu ni wajibu.

Ubaya umo katika nia. Mtoto ajiulize: namhamisha baba ili yeye apumzike, au ili nipumzike mimi? Baba ameulizwa, au ameamuliwa? Na je, baada ya kuhamishwa, nitakuwa karibu naye zaidi au mbali zaidi? Anayemhamisha mzazi wake kisha asimzuru ila Jumamosi, huyo amemtupa, hata kama daktari amesema kweli. Na anayemng'ang'aniza kwenye mashine kwa kuogopa maneno ya watu, naye hakumtendea wema.

Imesimuliwa kwamba Imamu Jabir bin Zaid, alipokuwa katika maradhi ya mauti, aliulizwa anatamani nini. Hakutaja dawa wala tabibu. Alitamani kumtazama Hasan al-Basri, rafiki yake, ambaye siku hizo alikuwa amejificha kwa kuwaogopa watawala. Hasan akapelekewa habari, akaja juu ya hatari hiyo.

Basi mwenye haki kati ya watoto wale wawili ni yule atakayekaa kitandani pa baba. Tabibu akiondoa mkono wake, mtoto autie wake. Kwani tiba ina mwisho, na wema kwa wazazi hauna mwisho wakiwa hai, bali hata baada ya kufa kwao.

Mwenyezi Mungu awaafu wagonjwa wetu na atujaalie mwisho mwema. Wallahu a'lam.